Lumbesa Mwenye Miguu Miwili

Fundi Kangero Mruttu hakuwa na shingo. Hakuwa na goti la kulia la kutegemea, hakuwa na mke tangu mwaka wa mafuriko, hakuwa na mtoto aliye karibu, hakuwa na mjomba wizarani, wala rafiki wa mjomba. Hakuwa na baiskeli. Hakuwa na jino la kutafunia mfupa. Na kuanzia tarehe nne ya mwezi wa pili hakuwa na haki ya kuvuka kizuizi cha Mto Ngerebu, kwa sababu kisheria hakuwa tena mtu. Alikuwa lumbesa.

Alichokuwa nacho ni cherehani ya kukanyaga kwa miguu, mwili wa kilo mia moja na kumi na mbili, na dada ng'ambo ya mto.

Hilo la lumbesa nilieleze kwanza, maana wako wasomaji wanaoishi katika nchi ambazo gunia ni gunia tu.

Kwetu gunia la mazao ni kilo mia. Mnunuzi akilishindilia, akalizidishia juu mpaka likavaa kilemba cha majani na kamba, hilo ni lumbesa, na anayenyonywa hapo ni mkulima. Serikali yetu humpenda sana mkulima, hasa akiwa mbali, basi ikatunga sheria nzuri: lumbesa ni marufuku kuvuka mpaka wa mkoa. Sheria ikapelekwa kwa mwandishi wake ili aweke maana ya maneno. Mwandishi huyo alikuwa mtu mwangalifu. Alijua kuwa ukisema mahindi, wajanja watasema haya ni mbaazi, na ukisema gunia, watasema hiki ni kiroba. Akafikiri siku tatu, akaandika: "Lumbesa ni kitu chochote chenye uzito wa kilo mia moja au zaidi, kilichotuna katikati."

Bunge likaipitisha kwa makofi. Waheshimiwa wa mstari wa mbele walipata shida kidogo, mikono yao haikufikiana vizuri juu ya matumbo, lakini walipiga.

*

Siku ile ya tarehe nne Fundi Kangero alikuwa ndani ya basi, amevaa koti lake la kijivu, na mapajani ana kanga mbili za dada yake. Dada yake aliitwa Nakunda. Mama yao alipokufa Kangero alikuwa na miaka minne, na Nakunda kumi na tano, na Nakunda ndiye aliyemlea. Sasa alikuwa mzee kupita kiasi, kule milimani, na mwalimu wa chekechea ndiye aliyemwandikia barua. Ya mwisho ilikuwa imesema hivi: "Jicho la kushoto limefunga. La kulia, daktari analikadiria mwaka mmoja na nusu. Njoo nikuone. Sauti yako ninayo, lakini sura imeanza kunitoka."

Milima yenyewe, siku isiyo na vumbi, unaiona kutoka kwenye baraza yetu. Nasema yetu kwa kuwa mimi hushona viatu upande huu wa nguzo, naye Fundi hushona nguo upande ule.

Kizuizini askari akaingia ndani ya basi na karatasi.

"Mzee, shuka."

"Kuna nini, afande?"

Askari akasoma karatasi, akamtazama, akasoma tena. "Umetuna," akasema. "Katikati."

Wakamsimamisha kwenye mizani ya ghala, ile yenye uso kama saa na mshale mmoja. Mshale ukapanda mpaka mia moja na kumi na mbili ukatulia. Karani wa mizani, Bwana Msangule, alikuwa mtu mwembamba aliyezaliwa hivyo na akalihesabu hilo kuwa mafanikio. Akachovya kalamu akaandika: mia moja na kumi na tano.

"Mshale umesema kumi na mbili," Fundi akasema.

"Daftari langu linakwenda kwa tano tano, mzee."

"Sasa mbona wakulima unawashusha? Wakileta kumi na mbili unaandika kumi."

"Wakulima tunawashusha, lumbesa wa miguu miwili tunawapandisha. Zote mbili zinaelekea upande mmoja."

"Upande gani?"

"Wa Taifa," Karani akasema, bila ubaya wowote.

Fundi ni mtu wa hesabu. Alipiga pale pale akiwa amesimama juu ya sahani ya mizani. Ili aandikwe chini ya mia, ilibidi aandikwe tisini na tano. Ili kalamu iandike tisini na tano, mshale usizidi hapo hata kwa uzito wa kifungo. Kumi na saba zitoke. Akashuka, akachukua kanga zake, akarudi barazani kwa miguu, akakaa kwenye cherehani, akamalizia suruali ya mtu.

"Vipi, hukwenda?" nikamuuliza.

"Nimezuiliwa kidogo."

Na ndivyo alivyomwandikia dada yake: nimezuiliwa kidogo na kazi. Hakuweza kumwandikia mwanamke aliyemlisha kwa mkono kwamba serikali imemhesabu pamoja na viazi.

*

Mwezi huohuo akaja Waziri wa Mazao na Mienendo kutuhutubia.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Taifa haliwezi kwenda mbele likiwa limetanguliwa na tumbo! Nawapa siku thelathini. Kila kilo iliyozidi, siku thelathini! Nani hawezi?"

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa kujibu hakukuwamo kwenye ratiba.

Kisha Waziri akapanda mizani ili atuonyeshe mfano. Mshale ukaenda mia moja na arobaini, ukatetemeka, ukakaa. Katibu wake akasogea kwa Karani Msangule akamnong'oneza, nasi wa mbele tukasikia: "Umesahau kutoa madaraka."

"Madaraka yana kilo ngapi?" Karani akauliza.

"Sitini."

Karani akatoa. Ikabaki themanini. Gazeti la kesho yake likaandika kwa herufi kubwa: WAZIRI APUNGUA KILO SITINI KWA SIKU MOJA. Hili nalisema kwa heshima zote, kwa sababu gazeti lile nililishika mwenyewe. Dereva wa Waziri alilitumia kufungia suruali aliyoileta kwa Fundi wiki mbili baadaye.

"Kiuno kiongezwe inchi mbili," dereva akasema. "Na usiseme."

Fundi akaongeza. Hakusema. Mimi ndiye ninayesema.

Kwa mfano huo, watu wengi wa mji wetu walipungua haraka sana. Wengine walipimwa mguu mmoja ukiwa chini. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alipimwa mkewe badala yake, kwa hoja kwamba ni mwili mmoja. Mwenyekiti wa mtaa alipunguzwa kwa mkutano mkuu, kura ishirini na mbili kwa moja, na ile moja ilikuwa ya daktari wake. Mwisho wa siku thelathini, mji mzima ulibaki na lumbesa mmoja.

*

Nitasema alivyofanya, ingawa hakuna cha kusimulia, na hilo ndilo lililowachosha waliomtazama. Ugali aliokuwa akiula wa ukubwa wa kofia akaufanya wa ukubwa wa ngumi, mboga akaziongeza. Sukari ya chai ikatoka vijiko vitatu ikawa kimoja, kisha chai ikawa ya tangawizi tu. Asubuhi alitembea mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Goti likilalamika, alisimama. Likinyamaza, aliendelea. Basi.

Kila mwezi alirudi mizanini. Mwezi wa kwanza tangu arudishwe, mshale ulisema mia moja na kumi na moja. Kalamu ikaandika mia moja na kumi na tano. Mwezi wa pili mshale ukasema mia moja na kumi na nusu. Kalamu ikaandika mia moja na kumi na tano.

"Karani, tazama mshale."

"Nimeuona."

"Umeshuka."

"Mshale hauna cheo, mzee. Kalamu inacho."

Bi Hiyari, ambaye hukaanga maandazi mbele ya baraza yetu, alikuwa anasubiri matokeo kama watu wanavyosubiri ya mpira.

"Imekuwaje leo?"

"Kumi na tano," Fundi akasema.

"Ile ile! Miezi miwili unajinyima, ile ile! Fundi, si ule tu? Chukua hili, halina hata kilo."

"Weka, Bi Hiyari."

"Niweke wapi? Litalala."

"Na lilale. Likilala kwangu haliamki."

Jioni ile ndipo nilipouona uzi.

Siku hizi watu hawajui, lakini zamani mteja wa milimani hakuteremka kuja kupimwa. Alituma uzi. Ulizungusha uzi kiunoni, ukafunga fundo ulipokutana, ukampa mtu anayekwenda gulioni, naye fundi wa mjini akashona kwa fundo lile. Nakunda alimpima Kangero hivyo alipoanza shule, na kaptula iliporudi ilimkaa sawasawa, ingawa fundi hakuwa amemwona mtoto hata siku moja. Fundi Kangero alinisimulia hilo huku ameshika uzi mweupe wa kudarizi, mrefu, mwanzoni ameshona kifungo cha koti. Akaweka kifungo kitovuni, akauzungusha, akafunga fundo. Fundo la mwezi uliotangulia lilikuwa mbele kidogo, upana wa kidole.

"Kidole kimoja," nikasema.

"Ndiyo."

"Unafurahi?"

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Lakini kipo."

Akautundika kwenye msumari juu ya cherehani, akawasha redio.

*

Mwezi wa tatu mshale ulifika mia moja na tisa, na kalamu, kwa mara ya kwanza, ikaandika mia moja na kumi. Bi Hiyari alipiga kigelegele kilichofika kizuizini. Kilichofuata hakikutarajiwa na mtu. Watu wakaanza kumwona amepungua, na katika nchi yetu mtu akipungua, huulizwa nani amekufa.

Walikuja kumpa pole. Walikuja na vyungu. Mwenyekiti wa mtaa, yule aliyepunguzwa kwa kura, alileta pilau akasema kwa uchungu, "Fundi, kama unaumwa, sema. Sisi ni majirani." Jumuiya ya kina mama ikaleta ndizi za nazi. Fundi hakuwa mtu wa kumrudishia jirani chungu kimejaa. Mwezi wa nne alishuka kidogo tu, na mwezi wa tano kukawa na msiba wa kweli, wa seremala, siku saba za wali. Fundo la mwezi ule lilikaa juu ya fundo la mwezi uliotangulia, kama nzi wawili.

Dereva wa lori la mkaa akamwonea huruma. "Mzee, mimi navuka Alhamisi. Lala chini ya viroba, nusu saa tu, upande wa pili unajipangusa unakwenda zako."

"Dada yangu hakunilea niende kwake kama mkaa," Fundi akasema.

"Sasa utakwenda kama nini?"

"Kama abiria."

Dereva akanitazama mimi. Nikainamia kiatu changu.

Wiki ile nilimuuliza Fundi kama hajachoka. Alikuwa anashona tundu la kifungo, kazi ya kuudhi kuliko zote, sindano inaingia na kutoka pale pale.

"Nimechoka," akasema. "Nimechoka tangu mwezi wa kwanza."

"Na bado asubuhi unakwenda tangini."

"Sasa nisipokwenda, nitaacha kuchoka?"

Alikata uzi kwa meno akaanza tundu la pili.

*

Katika mwezi wa tisa serikali iliamua kuwatuza waliopungua. Kamati ya Istilahi ilikaa siku tisa kutafuta jina la heshima kwa mwananchi aliyefanikiwa kupungua. Wakachukua kitenzi, wakakipa kiishio, wakapata neno lililowaridhisha wote kwa ufupi wake. Oda ya kushona mishipi mia mbili ya hariri ikaletwa kwa Fundi Kangero, na maandishi ya kudarizi: PUNGUANI WA TAIFA.

Fundi aliisoma mara mbili. Akaenda nayo kwa Karani Msangule, aliyekuwa msimamizi wa sherehe.

"Karani, hili neno lina mwenyewe tayari. Punguani ni mtu aliyepungukiwa akili."

"Kamati imekaa siku tisa, mzee."

"Najua. Lakini mtoto yeyote wa mtaani ukimuuliza—"

"Mtoto wa mtaani yumo kwenye Kamati?"

"Hayumo."

"Basi."

Fundi akashona. Alishona vizuri, maana hajui kushona vibaya: uzi wa dhahabu, ukingo wa kijani, herufi zimesimama kama askari. Siku ya sherehe Waziri alivishwa wa kwanza kwa kilo zake sitini, na mpambe akatangaza kwenye kipaza sauti, "Tumpigie makofi Punguani Namba Moja!" Tukapiga. Sijawahi kuona mji wetu ukipiga makofi kwa moyo mmoja namna ile. Waziri alilia. Fundi hakupewa mshipi, kwa kuwa daftari lilionyesha amepungua mara mbili tu tangu mwaka uanze.

*

Mwezi wa kumi na moja mshale ulisema mia moja na moja. Mwezi wa kumi na mbili ukasema mia kamili. Mwezi wa kumi na tatu, tisini na tisa, na kalamu ikaandika mia, na mia ni lumbesa. Goti lilikuwa limeacha kulia ngazini. Koti la kijivu alikuwa amelipunguza mara tatu. Shingo ilikuwa imetokeza, ndogo, na alama ya kuzaliwa upande wa kushoto ambayo mimi, jirani wa miaka ishirini, sikuwa nimewahi kuiona.

Mwezi wa kumi na tano ikaja barua ya mwalimu wa chekechea. Fundi aliisoma amesimama, akanipa mimi niisome, kitu ambacho hakuwa amewahi kufanya.

"Mdogo wangu Kangero. Jicho la kulia limefunga Jumanne, asubuhi, nikiwa natazama kuku. Najua una kazi nyingi, mwaka mzima unaniandikia hivyo. Usiharakishe tena. Nilichotaka kukiona kimepita. Kuku wazima. Dada yako, Nakunda."

Bi Hiyari naye alikuwa amesogea, mkono una unga mpaka kwenye kiwiko.

"Fundi," akasema, "leo usiende tangini. Pumzika."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Akaenda tangini. Akarudi. Akala ugali wa ukubwa wa ngumi. Hakulia, wala hakukasirika, kama mtu aliyeshikilia kitu kizito hata vidole vikafa ganzi.

Mwezi wa kumi na saba, siku ya kupimwa, mshale ulipanda taratibu ukasimama juu ya tisini na tano. Si kabla, si baada. Karani Msangule aliinama, akautazama kushoto, akautazama kulia, akaandika: tisini na tano. Mimi na Bi Hiyari tulikuwa tumekwenda kushuhudia. Bi Hiyari alishavuta pumzi ya kigelegele.

"Subiri, mama," Karani akasema, akatoa karatasi. "Hii imekuja jana. Kutokana na mafanikio makubwa ya wananchi katika kupungua, Waziri amefurahi, na gunia limeteremshwa. Kuanzia jana gunia ni kilo tisini."

Bi Hiyari akaiachia ile pumzi, ikatoka bila sauti.

"Kwa hiyo?" Fundi akauliza.

"Kwa hiyo umetuna, mzee."

"Niandikwe ngapi ili nivuke?"

"Themanini na tano."

Fundi akabaki juu ya sahani ya mizani. Nilimwona anapiga hesabu, midomo ikicheza kidogo. Kumi. Miezi kumi. Akashuka.

"Karani," akasema, "tarehe kama hii mwezi ujao, utakuwepo?"

Karani Msangule alimtazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama yeye, siyo mshale wala daftari. "Nitakuwepo," akasema.

*

Barazani Fundi aliushusha uzi kwenye msumari. Akaweka kifungo kitovuni, akauzungusha, akafunga fundo la kumi na nane. Kisha akachukua karatasi ya kuchorea mitindo, akaandika upande usio na mchoro. Alinisomea ili nione kama kuna kosa.

"Dada Nakunda, shikamoo. Nilikudanganya. Si kazi iliyonizuia. Hapa kizuizini mimi ni lumbesa, na lumbesa havuki. Niliona haya kukuambia, na kwa haya hiyo jicho lako limefunga bila kuniona.

"Ndani ya barua kuna uzi. Mwalimu akishasoma akupe, halafu anyamaze. Shika kifungo. Hapo ndipo kitovuni kwangu. Fuata uzi kwa vidole mpaka mwisho, utakuta fundo la mbali kuliko yote: hilo ni tumbo nililokuwa nalo siku niliyofunga safari nikarudishwa. Sasa rudi nyuma. Kila fundo ni mwezi. Pana mahali mafundo mawili yamepandana, hapo ulikuwa msiba wa seremala na wali ulikuwa mwingi. Mengine yote yanakuja upande wa kifungo. Yanakuja polepole, lakini hakuna hata moja lililorudi.

"Fundo la karibu na kifungo kuliko yote ni la leo. Bado miezi kumi. Ulinipima kwa uzi kabla sijajua kusoma, na kaptula ikanikaa. Nipime tena. Nikija, usiulize ni nani. Zungusha uzi huu. Mdogo wako, Kangero."

Nikasema hakuna kosa.

Akaukunja uzi vidoleni ukawa duara dogo, akaliweka ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi ya unga ambayo Bi Hiyari alimkorogea, akaikandamiza kwa pasi ya moto mpaka ikashikana. Tukaenda naye kizuizini, maana kila kinachovuka mto hupimwa, na barua nazo.

Karani Msangule akaiweka juu ya mizani ya ghala. Mshale haukutikisika.

"Ina nini?"

"Kiuno," Fundi akasema.

"Cha nani?"

"Changu."

Karani akafungua orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuvuka, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akageuza ukurasa, akapitisha tena. Kiuno hakikutajwa. Akachovya kalamu, na kwa kuwa daftari linakwenda kwa tano tano, akaandika: kiuno, kimoja, kilo tano. Akagonga muhuri kwenye bahasha, akaitia ndani ya mfuko wa posta, akafunga mdomo wa mfuko kwa kamba, akamrushia kondakta wa basi la saa nne.

"Uzito chini ya gunia," akamwambia askari. "Inua."

Kizuizi kikainuka.